Kadi ya grafiki usiizike ikiwa hai

Kadi nyingi za grafiki, zile zinazopeleka picha kwenye skrini, za kompyuta kuukuu za mezani zinazotupwa hapa Lamu hazijafa. Zimekosa mgusano au umeme wa kutosha.

Angalia vidoa na mistari kwenye skrini vinaanza lini. Vikitokea kabla Windows haijafunguka, usihangaike na drava, yaani programu inayoendesha kadi. Tatizo ni mgusano au kumbukumbu ya kadi. Vikija Windows ikishafunguka, ondoa drava uiweke upya. Vikingoja mpaka gemu ianze, shuku joto au pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Skrini ikiwa nyeusi kabisa, hakikisha kwanza kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi, si kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Utacheka, lakini hutokea.

Nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari ndizo hasa za kuangaliwa mgusano. Unyevu wa chumvi huacha utando kwenye meno ya kadi, ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye sloti ya madabodi. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Fungua skrubu, achia kishikio cha mwisho wa sloti, ndipo uvute; wanaovuta kwa nguvu huvunja sloti. Futa meno kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Raba ya shule iwe ya mwisho, tena kwa mkono mwepesi, maana dhahabu ile ni nyembamba mno. Sloti ipitishie brashi laini, kavu. Feni ishike kwa kidole unapopuliza vumbi, isizunguke kupita kiasi.

Umeme sasa. Sloti ya kadi, iitwayo PCIe, hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 kutoka pawasaplai huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Gemu ikiendelea, pima kwa multimita, yaani kipima umeme, waya wa njano na mweusi wa plagi hiyo: isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo, huenda kadi haina kosa, badilisha pawasaplai. Kapasita, yaani kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme kwenye kadi, iliyovimba kichwa ibadilishwe kwa yenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na ya kuhimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi.

Kuoka kadi kwenye oveni ni upuuzi: moshi wake ni sumu, na hata ikiamka haidumu.

Mwisho ijaribu kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Vidoa vikihamia huko, huenda kumbukumbu yake imekwisha. Hapo, madabodi ikiwa na tundu lake la monita linalotoa picha, tumia hilo. Kwa kuandika na kutazama video linatosha.