Jini linalopumzika likizo

Tangu niweke hapa picha ya cheti changu cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani Kenya), ufundi wa friji na AC, daraja la kwanza, simu haipoi. Shukran nyote. Ila ujumbe ulionikalisha ni wa dada mmoja wa Maweni. Mwanawe yuko gredi ya nne, kusoma kunamshinda, na kila Jumapili usiku tumbo linamuuma, ila likizo haliumi. Hospitali hawakuona kitu. Shangazi anasema ni jini. (Jini gani hilo linalopumzika likizo?)

Dada yangu, hilo tumbo nalijua.

Chuoni, yaani madrasa, nilikuwa mbele. Sura nilizishika kwa sikio, na siku ya maulidi nikisimamishwa nisome mbele ya wazee. Kisha msahafu ukifunguliwa, nikaambiwa soma kuanzia hapa, hakuna kitu. Wakadhani ni jeuri. Nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Shuleni ndiko kulikokuwa na moto. Kiswahili nilijikongoja silabi moja moja, maana ba ni ba popote uendapo. Kiingereza ndicho kilichonimaliza: herufi zile zile, hapa zinasomwa hivi, pale vile. Mwalimu mmoja, simtaji kwani tunaonana msikitini, alikuwa akinisimamisha nisome darasa lipate kucheka. Fimbo shuleni zilipigwa marufuku 2001, kicheko hakikupigwa.

Jina disleksia nililisikia ukubwani, kwa mteja wangu Mwitaliano. Aliniona nikipindua namba za mashine akanambia mwanawe yu vivyo hivyo. Ubongo unapata tabu kuunganisha sauti na herufi, akili haijapungua. Mara nyingi huenda kwa damu. Babangu hadi leo ukimpa gazeti, miwani imebaki nyumbani.

Lakini herufi hazikuniumiza kama kungoja zamu yangu ifike. Moyo mbio, mikono maji, tumbo linasokota kwelikweli. Hofu nayo inakula nafasi ya kukumbuka, basi unasoma vibaya zaidi, unachekwa zaidi. Kufika kidato cha pili nilikuwa silali, siongei na mtu, nataka nipotee tu. Nyumbani waliita uvivu. Watoto kama sisi hupatwa na wasiwasi na unyogovu kuliko wenzao, na wengi huonekana watukutu au wavivu kabla mtu hajauliza.

Sasa, mpime macho na masikio kwanza. Kisha mpeleke EARC, kituo cha tathmini ya elimu maalum. Kenya inavyo tangu 1984, ila watu hudhani ni vya wasioona na viziwi tu. Ripoti yao itakusaidia kumwombea muda wa ziada kwenye mitihani. Na usingoje ajue kusoma ndipo umtibu hofu. Mambo haya yaende pamoja. Akisema anataka kufa, usimkemee: hospitali siku hiyo hiyo.

Na nyinyi mnaolipia masomo ya jioni, ya Jumamosi, ya likizo! Njia imemshinda mtoto, mnamwongezea saa za njia ile ile? Mwacheni asikie. Mimi nadharia yote ya mtihani huu wa NITA mpwa wangu alinisomea akanirekodia kwenye simu, nikawa nasikiliza nyuma ya bodaboda nikienda kazini Casuarina. Watu wakanicheka, ati fundi mzima anasomewa hadithi. Cheti mmekiona.

Mwalimu wake mwambieni asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, amsikilize pembeni. Akikataa, hamisheni mtoto. Mimi hakuna aliyenihamisha.