Taa ya kabati si jua: swali kuhusu bakteria wa baharini na protini zao

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Niliwaosha bakteria wa baharini kwa maji ya chumvi, nikawamimina kwenye sahani ya plastiki na kuwaweka dakika 10 chini ya taa ya urujuanimno iliyo ndani ya kabati la maabara. Nilitoa protini papo hapo na kuzipima kwa mashine iitwayo spektromita ya masi. RecA, protini inayosaidia kutengeneza DNA iliyoharibika, haikupanda, na protini karibu zote zililingana na za sampuli iliyokaa gizani. Wale niliowaotesha baadaye hawakuota hata mmoja. Msimamizi anataka niandike kwamba bakteria huyu hana kinga dhidi ya jua. Niandike hivyo?

Jibu: Marahaba. Usiandike.

Swali hili hunijia kila mara. Bakteria hubadilika, taa ni ileile. Taa hiyo hutoa mionzi ya nanometa 254, na baharini mionzi hiyo haipo. Ozoni huizuia yote huko juu. Mionzi ya jua inayofika usoni mwa maji huanzia karibu nanometa 290, na sehemu yake kubwa ya urujuanimno ni UVA, kati ya 315 na 400. Huwezi kumpiga kiumbe kwa silaha ambayo hakuwahi kukutana nayo, kisha ukasema hajui kujikinga na jua.

Umefanya vizuri kuwaosha, maana mchuzi wa virutubisho wenyewe hunyonya mionzi. Na kwa kuwa hakuna kilichoota, naona ulifunua kifuniko. Plastiki ile ingeizuia 254. Tatizo lako liko kwingine: umepima protini za maiti.

DNA hunyonya mionzi kwa nguvu zaidi karibu na nanometa 260, kwa hiyo 254 inaipiga moja kwa moja. Taimini, moja ya herufi nne za DNA, zikiwa mbili jirani hushikana, na kimeng'enya kinachonakili ujumbe wa RNA kikifika hapo hukwama. Dakika 10 karibu na taa kama hiyo hujaza makwamo kila mahali. Pasipo ujumbe mpya hakuna protini mpya. RecA uliyoiona ni ile iliyokuwemo kabla hujawasha taa. Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, iliikatakata, mashine ikahesabu vipande, na mashine haina njia ya kujua kama seli ilikuwa hai.

Ila kinachonisumbua zaidi ni ile imani kwamba protini isipopanda basi haifanyi kazi. Chukua fotolyasi. Hiki ni kimeng'enya kinachoshika taimini zilizoshikana na kuzitenganisha kwa nguvu ya mwanga wa buluu na UVA. Katika E. coli, bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara, huwa na molekuli 10 hadi 20 tu kwa seli nzima. Kwenye chati yako idadi hiyo hupotea kabisa katikati ya maelfu ya nakala za protini nyingine, na bado seli yenye hizo chache huokoka pale ambapo isiyo nazo hufa. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1949, mtafiti Albert Kelner alikuwa akihangaika na vijimbegu vya bakteria Streptomyces: baada ya dozi ileile ya mionzi, mara vilipona vingi, mara vichache. Kilichokuwa kinabadilika ni mwanga wa kawaida uliovifikia baada ya mionzi. Wewe uliwapa bakteria wako mwanga huo? Kama uliwaotesha gizani moja kwa moja, uliwanyang'anya chombo chao cha kwanza cha matengenezo.

Tena kuna protini ambazo mwitikio wake ni kushuka. RecA ikijipanga juu ya DNA iliyoharibika, huichochea LexA, protini inayofunga jeni za matengenezo, ijikate yenyewe. LexA ikipungua, jeni ilizokuwa imezifunga hufunguka: recA yenyewe, uvrA, uvrB na nyinginezo. Anayetafuta mishale ya kupanda tu ataipita LexA bila kuiona.

Chini ya jua la kweli mambo hupanuka zaidi. UVA haiipigi sana DNA moja kwa moja. Hunyonywa na molekuli za flavini na pofirini ndani ya seli, zikazalisha oksijeni kali na peroksidi. Hapo wanaoumia ni pamoja na protini zenyewe: methionini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, huoksidishwa, na vimeng'enya vyenye vishada vya chuma na salfa, kama akonitasi, huvunjika. Chuma kilichoachiliwa kikikutana na peroksidi hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana unatakiwa kuangalia katalasi inayovunja peroksidi, protini zinazohifadhi chuma, zile zinazokiingiza, na wasaidizi wa kukunja protini kama DnaK na GroEL. Hizi mbili za mwisho ziogope kidogo: hupanda hata sampuli ikipata joto tu, na taa hupasha joto. Sampuli yako ya gizani ifunikwe kwa karatasi ya alumini na ikae pale pale chini ya taa, siyo kwenye droo.

Rudia kwa taa za UVB (nanometa 280 hadi 315) na UVA, uzifunike kwa utando wa selulosi asetati ili kuondoa mabaki ya UVC, yaani mionzi mifupi kama ile ya 254, na uubadilishe mara kwa mara kwa sababu huchakaa. Tumia dozi ndogo kwa saa kadhaa, iliyopimwa kwa radiomita na kuandikwa kwa jouli kwa mita ya mraba. "Dakika 10" si dozi. Sogeza taa kidogo tu na namba imebadilika. Chukua sampuli kabla, katikati, na saa kadhaa baada ya kuzima, nyingine kwenye mwanga na nyingine gizani, na kila mara uhesabu walio hai. Bakteria wa baharini Sphingopyxis alaskensis na Photobacterium angustum wamekwisha kuchunguzwa kwa subira ya namna hii. Anza kwa kusoma kazi hizo.

Njia ya mkato ya taa hii haiishii maabara. Wako wanaowauzia watu taa za 254 kwa ahadi kwamba dakika moja inatosha kusafisha maji yoyote. Maji yenye tope huwakinga bakteria kwa kivuli. Na waliojeruhiwa bila kufa, maji yakiachwa kwenye chombo kinachopitisha mwanga, fotolyasi yao huanza kazi na baadhi hurudi kuzaana. Nimeona wauzaji wakionyesha sahani safi iliyooteshwa mara tu baada ya taa, kana kwamba hakuna saa inayofuata. Taa hizo zina kazi yake zikipimwa vizuri. Muuzaji akuonyeshe dozi inayofika ndani ya maji kama yako, yenye uchafu kama wa kwako, na hesabu ya bakteria walio hai baada ya maji kukaa kwenye mwanga. Akikuonyesha dakika peke yake, usinunue.