Maswali ya Wasomaji: Retina imeshika, mbona mama haoni vizuri?

SWALI: Retina (pazia la ndani, nyuma ya jicho, linalopokea mwanga) ya jicho la kushoto la mama yangu ilibanduka. Alipasuliwa, na baada ya wiki sita ikabanduka tena kwa ajili ya makovu. Mara ya pili akatiwa mafuta ya silikoni. Huu ni mwezi wa nne. Daktari anasema retina imeshika, lakini mama anaona vidole tu. Je, mafuta lazima yatolewe? Na anaweza kupanda treni kwenda Nairobi? — Bi. Z., Likoni

JIBU: Bi. Z., pole kwa kuuguza. Daktari amesema kweli, na mama pia. Retina kushika ni jambo moja, kuona ni jingine. Seli zake hulishwa na tabaka lililo nyuma yake. Ikibanduka huanza kufa, na hasara kubwa ni ya makula, sehemu ya katikati ambayo ndiyo ya kusomea na kutambua nyuso. Retina ya mama imebanduka mara mbili. Kovu nalo ni utando unaoota juu ya retina, kisha hujikunyata na kuivuta ikakunjamana kama nguo iliyovutwa uzi. Mpasuaji huumenya kwa koleo nyembamba, hupiga leza kuzunguka matundu, ndipo mafuta yakaishikilia. Uoni unaweza kuongezeka polepole kwa miezi, ila ule wa zamani haurudi wote.

Mafuta kwa kawaida hutolewa kati ya mwezi wa 3 na wa 6, retina ikiwa imetulia. Yakikawia huvunjika matone madogo, kama mafuta ya nazi yaliyotikiswa na maji chupani. Matone huziba njia ya maji ya jicho, presha ya jicho ikapanda. Konea, kioo cha mbele cha jicho, nayo hupata ukungu. Kwa kuwa matone huelea, ukiona utepe mweupe upande wa juu wa mboni mpeleke mapema. Katika baadhi ya macho retina hubanduka tena baada ya kutolewa mafuta, kwa hiyo asikose kliniki wiki zinazofuata. Jicho ambalo retina bado inavutwa, au lililolegea mno kwa presha kuwa chini, huachiwa mafuta.

Miwani asinunue sasa: kama lenzi yake ya asili ipo, mafuta husogeza namba ya miwani kwa takriban +5, na yakitoka inabadilika tena. Asilale chali.

Treni apande, mafuta hayapanuki. Angetiwa gesi badala ya mafuta tungemkataza treni, basi na ndege: Nairobi iko juu takriban mita 1,700, na kiputo cha gesi kikivimba njiani presha yaweza kuziba mishipa ya jicho.