Asi mbili mkononi: upandishe ngapi?

Msomaji mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ameniandikia kwa uchungu. Pokeri ya Texas Hold'em, blindi (dau ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla ya karata), ndogo 500 na kubwa 1,000. Alishika asi (karata ya A) mbili, akapandisha hadi 2,000 tu ili watu wasikimbie. Wanne wakamfuata. Mwenye saba na nne ndiye aliyezoa jetoni.

Ndugu, pole, ila bei uliipanga wewe. Asi mbili mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda karibu mara 85 kwa 100. Mbele ya wanne zinashuka hadi 56 hivi. Na yule wa blindi kubwa aliongeza 1,000 akikodolea 9,500 zilizokwisha kuwa mezani. Nani angetupa karata hapo?

Kwa blindi hizo, fungua kwa 3,000. Kila aliyeingia kwa 1,000 kabla yako, ongeza 1,000 kwa ajili yake: wakiwa wawili, weka 5,000. Kama baada ya flopu (karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani) wewe ndiye utakayetangulia kucheza, 6,000. Ziko meza za mtaani ambako 3,000 bado inaita watu watano. Huko fungua kwa 5,000 au 6,000 mpaka wabaki mmoja au wawili. Lakini kiasi kiwe kilekile kwa kila mkono unaofungua nao. Ukiweka 6,000 kwa asi na 2,500 kwa dame (malkia, Q) na kumi, wanaokaa nawe kila Jumamosi watakujua upesi sana. (Na pesa ya bukari ibaki nyumbani, tafadhali.)

Mwingine akiwa ameshapandisha hadi 3,000, jibu kwa 9,000 ukicheza baada yake, 12,000 ukicheza kabla yake. Usione ni nyingi. Mwenye tano mbili hupata tano ya tatu kwenye flopu mara moja katika nane na nusu. Mkiwa na 100,000 kila mmoja, akikufuata kwa 2,000 anawinda karibu mara 50 ya alichotoa. Akilazimika kuongeza 9,000 juu ya 3,000 zake ili afikie 12,000 zako, nyuma yako zimebaki 88,000, hazifiki hata mara kumi, na si kila akiipata utampa zote.

Flopu ikija na mtu mmoja tu amekufuata kwa 3,000 kutoka blindi kubwa, mezani pana 6,500. Rwa (mfalme, K), saba, mbili za rangi tofauti: 2,000 inatosha. Tisa, nane, nne, mbili kati yake za kopa: weka 5,000. Anayesubiri kopa ana karata tisa za kumwokoa, yaani karibu 19 kwa 100 kwenye karata inayofuata. Ukiweka 2,000, analipa 2,000 kutafuta 8,500, bei inayomtosha kabisa. Kwa 5,000 anahitaji 30 kwa 100, ambazo hana.

Rwa mbili hupandishwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba asi hutokea kwenye flopu karibu mara 23 kwa 100. Ikitokea, pita bila kuweka, au weka theluthi tu, na akikupandishia kwa nguvu, zitupe.