Kabla hujaingiza kitu ndani ya kamera

Mikwaruzo mingi ya ndani ya kamera huletwa na mkono uliokwenda kutoa vumbi. Basi anza kwa kujua uchafu uko wapi hasa.

Ukiona madoa unapochungulia lakini picha zinatoka safi, vumbi liko kwenye skrini ya kufokasi (ile inayoonyesha taswira unapochungulia) au kwenye kioo cha kuakisi cha DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho lako. Haliingii pichani. Lipulize, likigoma liache. Kioo hicho kimepakwa tabaka la kuakisi upande wa mbele, na skrini ni plastiki laini. Hata kitambaa cha miwani kinaweza kuviachia alama isiyofutika.

Vumbi la sensa, yaani bamba la ndani linalopokea picha, hujulikana hivi: weka ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 100, tundu dogo la lenzi la f/16 au f/22, fokasi ya mkono iliyopotezwa makusudi, kisha piga ukuta mweupe huku ukisogeza kamera taratibu shata (pazia lililo mbele ya sensa) ikiwa wazi. Alama za ukuta zitafutika, madoa ya sensa yatabaki palepale hata ukibadilisha lenzi. Kumbuka picha huangukia sensa juu chini. Doa la juu kushoto pichani, ukiitazama kamera kwa mbele, lipo chini kushoto. Wengi husugua kona isiyo na kosa kwa kutojua hili.

Jaza betri kwanza. Kwenye DSLR toa lenzi, ingia menyu ya kusafisha sensa, ili kioo kijiinue na shata ifunguke. Usitumie hali ya B (shata hubaki wazi mradi umebonyeza kitufe) kama njia ya mkato. Betri ikizima katikati, kioo na shata vitajifunga juu ya kifaa chako, na bati za shata ni nyembamba mno. Kamera zisizo na kioo hutofautiana: nyingine hufunga shata ukizima, nyingine huiacha sensa wazi. Soma kijitabu chake.

Zima feni, funga madirisha. Inamisha mdomo wa kamera (tundu linaloshika lenzi) chini, kisha puliza mara kumi hivi kwa puto la mpira la kupulizia vumbi, ncha yake ibaki nje ya mdomo. Hewa ya kopo hapana kabisa: hutema gesi iliyo bado maji, huganda na kuacha utando. Pumzi yako nayo hubeba mate. Piga tena picha ya majaribio. Mara nyingi kazi inaishia hapa, na iishie hapo.

Madoa ya mafuta ya shata au chumvi hayaondoki kwa upepo. Hapo ndipo swabu, yaani kijiti chenye kitambaa laini kichwani, inahitajika, na upana wake ulingane na sensa: milimita 24 kwa fremu kamili (sensa kubwa), 16 kwa APS-C (sensa ndogo zaidi). Dondoshea tone moja au mawili ya dawa ya kusafishia sensa kwenye ukingo wa swabu, subiri sekunde chache isambae. Unachogusa ni kioo kichujio kilichoifunika sensa, nacho kina tabaka zake, kwa hiyo uzito wa kalamu ya kawaida unatosha. Vuta kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kusimama, geuza upande wa pili, rudi. Tupa. Swabu iliyotumika tayari imebeba punje za mchanga, na kuirudia kwa ajili ya kubana matumizi ni ubahili wa gharama kubwa. Ukibaki na michirizi, dawa ilizidi. Tumia swabu mpya yenye tone moja.

Ukungu wenye nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi, jambo la kawaida Mombasa, Tanga na Unguja, mpelekee fundi. Lenzi nyingine zihifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri, lenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu), unyevu uwe asilimia 40 hadi 50. Bodi ya kamera yenyewe usiifungue: kapasita ya flashi (kifaa kinachohifadhi umeme wake) hushika volti 300 hivi, hata betri ikiwa imetolewa.