Boksi la wiski adimu na gari la kale, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dizaina wa vifungashio na nimepewa kazi inayoninyima usingizi. Kuna wiski ya zamani sana inatoka chupa chache tu, kwa kushirikiana na kampuni ya magari ya kale, sasa mteja anataka boksi la kifahari. Nimechora boksi lenye umbo la gari, matairi, taa za mbele, kila kitu, lakini kila nikiliangalia naona toi ya mtoto. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, jicho lako limeshakwambia ukweli, hiyo michoro weka pembeni. Mtu wa kununua chupa ya namna hii gari analijua, hana haja ya kuchorewa, anataka ashike kitu ambacho kweli kimetoka kwenye hilo gari.

Mimi mfano ninaoupenda sana ni Black Bowmore DB5 1964, iliyotoka 2020. Bowmore ni kiwanda cha wiski cha kisiwa cha Islay kule Uskoti, wiski yenyewe ilipikwa 1964 na Aston Martin DB5 ni gari la miaka hiyohiyo, yani ndoa ina sababu. Alafu wakachukua pistoni halisi ya DB5, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, wakaifanya sehemu ya chupa, basi. Ziliuzwa 25 tu, kila moja pauni 50,000, na hazikuhitaji matairi.

Kwahiyo muulize mteja karakana yao ina nini, labda ngozi ya viti, mbao za dashibodi, vipuri vilivyochoka, chagua kimoja tu. Ila kisafishwe haswa! Wiski inanuswa kabla haijanywewa, sasa harufu ya oili au gundi ikijifungia humo ndani miezi, siku mwenyewe anafungua ndio inampanda puani ya kwanza, na hapo umeshamharibia.

Chupa isimame. Wiski hailazwi kama mvinyo, ile pombe kali ikigusana na kizibo muda mrefu inakila, kinaanza kumeguka na ladha inaharibika. Na kidirisha cha kioo usiweke, mwanga wa jua unafifisha rangi.

Muda wako mwingi upeleke kwenye bawaba na lachi, yani kile kifungio cha mfuniko, nakuomba sana hapa usifanye haraka. Mlango wa gari zuri la zamani ukifungwa unatoa mlio mmoja mzito, dup, hakuna kugongagonga, boksi lako nalo lifunge hivyo, na huo mlio ndio mtu ataukumbuka kuliko nembo ya dhahabu. Tia maji kwenye chupa kama ile, iweke ndani, fungua funga mara mia, liinamishe, litikise, ukisikia chupa inacheza hata kidogo rudi ukakate sponji upya.

Kitu kingine, usiweke ufunguo wa gari humo ndani wala maneno ya spidi. Nchi nyingi zinakataza tangazo la pombe kuhusishwa na kuendesha, na hata zisingekataza, watu wanakufa barabarani kwa hilo. Wewe sifia ufundi wa gari, habari za kuendesha ziache.

Sampuli ikiwa tayari, mwambie mteja afumbe macho kwanza, alifungue kwa mikono tu.