Huhitaji darubini kuanza kulichunguza Jua

Wanafunzi wangu wa fizikia huniuliza kila mara darubini inauzwa bei gani. Huwajibu kwamba anayetaka kulijua Jua atatosheka na simu yenye intaneti kwa mwaka wake wa kwanza, pengine hata zaidi, na wala sisemi hivyo kuwafariji. Viko vyombo angani vinavyolipiga Jua picha usiku na mchana, na picha zake ziko wazi kwa yeyote, bila malipo. Mwanafunzi wa Songea anaweza kufungua picha ileile anayoitazama mtafiti wa Maryland. Tena haumii macho, maana kulikodolea Jua lenyewe, kwa jicho tupu au kwa darubini isiyo na kichujio maalumu, kunapofusha.

Yapo pia mambo ambayo darubini ya ardhini, hata iwe ghali namna gani, haitayaona kamwe. Hewa inayotukinga huzuia eksirei na sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno, miale isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina hilohilo: Uhuru. Orodha iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya eksirei. Habari hii huwa siikosi darasani, kwa sababu wengi wanaamini elimu ya anga ni mambo ya watu wengine, ilhali chombo hicho kilianzia safari pwani yetu.

Sasa uanzie wapi? Chagua chombo kimoja ukizoee. Mimi nashauri SOHO, kilichorushwa Desemba 1995 na mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani. Kinakaa umbali wa takriban kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu kuelekea Jua, mahali ambapo kivuli cha Dunia hakikifikii. Kamera zake za LASCO zina kisahani kinachofunika uso wa Jua, kama unavyoikinga taa kwa kiganja ili uone kilicho nyuma yake. Hapo ndipo korona inaonekana, ile hewa ya nje ya Jua ambayo kwa kawaida tunaiona wakati Jua linapopatwa kikamilifu tu. Kamera ya C2 inaonyesha eneo la karibu na Jua, ya C3 inaonyesha eneo pana zaidi. Wekundu wa picha za C2 na ubuluu wa C3 ni rangi zilizopakwa baadaye ili kuzitofautisha. Mduara mweupe ulio katikati ndio ukubwa halisi wa Jua.

Najua picha za chombo kingine, SDO, zinavutia zaidi. Ila nimeona wanafunzi wakizishangaa, wakazifanya picha za wasifu, wakaishia hapo. Picha ya SOHO ni hafifu, imejaa madoadoa, na humlazimisha mtu kuuliza: hiki ni nini?

Swali hilo ndilo shule yenyewe, nami naomba ukae nalo muda mrefu. Vitone na michirizi mifupi iliyotapakaa ni chembe zenye nishati kubwa zinazoigonga kamera. Baada ya mlipuko mkubwa kwenye Jua huwa nyingi hadi picha inaonekana kama imemwagiwa chumvi. Nukta inayong'aa ikiwa na mstari mnyoofu ubavuni ni sayari, kwa mfano Zuhura. Mwanga wake umeizidi kamera nguvu ukafurika pembeni. Picha za namna hiyo husambazwa mitandaoni zikiitwa vyombo vya viumbe wa ajabu, na inaniuma kuona vijana wenye akili wakizipokea hivyo wakati jibu lake linahitaji dakika mbili tu.

Usiamini picha moja. Fungua nne au tano zinazofuatana. Chembe huonekana mara moja ikatoweka. Nyota zote husogea pamoja, polepole, upande mmoja. Kitu kinachoshika njia yake peke yake, picha baada ya picha, hasa kikiwa kinalielekea Jua, huenda ni kometi, yaani nyota yenye mkia.

Kwa njia hiyo zimepatikana kometi zaidi ya 5,000 katika picha za SOHO. Ya 5,000 iligunduliwa Machi 2024. Nyingi zilionwa na watu wa kujitolea wasio na ajira yoyote ya anga, kupitia mradi uitwao Sungrazer. Nyingi ni za kundi la Kreutz, vipande vya kometi kubwa iliyovunjika zamani, na karibu zote huangamia zikilikaribia Jua. Lakini usikimbilie picha za leo, maana wazoefu wameshazipitia kabla hujaamka. Jizoeze na kometi zinazojulikana. Fungua za tarehe 28 Novemba 2013 uitazame ISON ikiingia na mkia wake, kisha ikitokea upande wa pili kama wingu la vumbi linalofifia.

Mambo mawili ya kukuokolea muda na pesa. Muda ulioandikwa kwenye picha ni wa UT, saa ya kimataifa: toa tatu upate saa yetu ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, hivyo 12:00 ni saa tisa alasiri. Na picha zipo katika ukubwa tofauti. Pakua za pikseli 512, zitakutosha kujifunzia, bando lisiishe kwa siku moja.

Utajua umeiva kwa SDO siku SOHO itakapokuonyesha kitu isichoweza kukieleza. Wakati mwingine wingu la gesi hutoka pande zote za kisahani kwa pamoja, likalizunguka Jua kama pete. Linaweza kuwa linakuja kwetu, au linakwenda upande wa nyuma kabisa. LASCO peke yake haikwambii. SDO, kilichorushwa Februari 2010, hutazama uso wenyewe wa Jua, hivyo ukikuta mlipuko upande unaotuelekea kwa saa zinazolingana, umepata jibu.

Zoezi zuri ni la Mei 2024. Ingia Helioviewer, tovuti ya picha za Jua, weka tarehe 8 hadi 11, uwashe C3 pamoja na picha za SDO. Tafuta kundi kubwa la madoa lililopewa namba 13664, uandike daftarini saa ya kila mlipuko na saa ya kila pete. Kisha linganisha na dhoruba ya sumaku iliyoipiga Dunia tarehe 10, ya daraja la G5, la juu kabisa katika kipimo hicho. Kokotoa mwenyewe: kilomita milioni 150 kutoka Jua hadi Dunia, kwa saa ngapi?